Jaa la Dandora kwenye Meza ya Mikataba

Miongoni mwa njia ambazo haki za binadamu ziliingia katika biashara ya Kenya na mataifa makubwa ni sheria ya Marekani ya AGOA, ya mwaka 2000, iliyofungua soko la nguo bila ushuru kwa nchi za Afrika zinazolinda haki, zikiwemo za wafanyakazi. Viwanda vya kushona nguo vikaongezeka Athi River na Ruaraka, na vijana wengi wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, wakapata kazi humo. Kufikia 2003 maelfu ya washonaji walikuwa wamegoma kwa sababu ya mishahara duni na saa nyingi za kazi.

Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi (EPA) na Umoja wa Ulaya ndio uliofikisha suala la haki katika biashara mahakamani. Mwaka 2007 jukwaa la wakulima wadogo liliishtaki serikali katika Mahakama Kuu, Nairobi, likidai kwamba bidhaa za Ulaya zikiingia bila ushuru zingemnyima mkulima riziki, na kwamba yeye hakuulizwa. Kesi hiyo ilichukua miaka sita, na katikati yake ikapitishwa Katiba ya 2010, inayotaka wananchi washirikishwe. Hukumu ya Oktoba 2013 haikusimamisha mazungumzo, lakini iliiamuru serikali iweke utaratibu wa kuwahusisha wadau, wakulima wadogo wakiwemo, na kuwapa wananchi habari.

Amri hiyo haikuhisiwa sana Eastlands. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipopanga kuachana na mitumba, wauzaji wa marobota wa Marekani walilalamika kwa serikali yao mwaka 2017, na Kenya ikajitoa katika mpango huo upesi. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha wa ushuru wa AGOA. Gikomba, soko la mitumba la Eastlands, ilinusurika, ingawa waliopigania mitumba Washington walikuwa wakitetea biashara yao wenyewe. Wachuuzi wa Gikomba waliangukiwa na bahati tu.

Dandora, mtaa mwingine wa Eastlands, haikuwa na bahati hiyo. Jaa lake lilianza kupokea taka za jiji katika miaka ya 1970, na mtaa wa mabanda wa Korogocho uko ng'ambo ya mto tu. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako Gigiri, mwendo mfupi kwa gari kutoka hapo, lilichapisha uchunguzi uliofanyiwa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika. Miaka 10 baadaye, Agosti 2017, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na kuweka adhabu ya faini hadi shilingi milioni 4 au kifungo hadi miaka 4.

Ndipo ikaja barua. Aprili 2020, Kenya na Marekani zikijiandaa kwa mazungumzo ya biashara huria, chama cha watengenezaji kemikali na plastiki cha Marekani, American Chemistry Council, kiliiandikia serikali yake. Kilisema Kenya inaweza kuwa kitovu cha kusambaza kemikali na plastiki za Marekani Afrika nzima, na kikataka mkataba uizuie Kenya kuwekea bidhaa hizo mipaka. Mazungumzo yalizinduliwa Julai 8. Wakenya waliijua barua hiyo mwishoni mwa Agosti, gazeti la New York Times lilipoifichua. Chama hicho kilikanusha kwamba kilitaka kuigeuza Kenya jaa. Lakini mchakuraji taka wa Dandora, ambaye kazi yake ingeguswa, hakuwa na kikao chochote cha kuhudhuria wala rasimu ya kusoma. Hukumu ya 2013 ilikuwa inakaribia kutimiza miaka saba.

Mazungumzo hayo yalikwama baada ya serikali ya Marekani kubadilika mwaka 2021. Mengine, yaliyotangazwa Julai 2022, yaligusa kazi na mazingira bila kupunguza ushuru, nayo hayakuwa yamezaa mkataba utawala wa Biden ulipomalizika Januari 2025. EPA kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ilitiwa saini Nairobi Desemba 18, 2023 na kuanza kutumika Julai 1, 2024, ikiwa na sura kuhusu haki za wafanyakazi, usawa wa kijinsia na mazingira.