Moshi wa jikoni na kifua cha mtoto

Mama akiniletea mtoto anayekohoa, huwa namuuliza: ukipika, mtoto anakaa wapi? Wengi hujibu, "Mgongoni."

Moshi wa kuni umejaa chembechembe ndogo sana. Zenye madhara zaidi hazizidi mikroni 2.5 kwa upana. Unywele mmoja ni mpana kuliko hizo kama mara 30. Vumbi la kawaida hunaswa puani, lakini hizi hupita hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Mapafu ya mtoto bado yanakua, naye hupumua haraka kuliko wewe. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa nyumbani huongeza karibu mara mbili hatari ya mtoto kupata nimonia.

Tazama dari la jiko lako. Yale masizi meusi ni sehemu ya chembe hizo hizo. Zikitoka nje hunyonya joto la jua na kuchangia kupasha dunia joto. Tofauti na hewa ya ukaa, masizi hudondoka baada ya siku chache au wiki, kwa hiyo moshi ukipungua, nafuu huonekana mapema, angani na kifuani.

Si kila mtu ana uwezo wa kununua gesi, najua. Anza na unachoweza: mwache mtoto na mtu mwingine mbali na moshi, pikia nje au fungua mlango na dirisha, tumia kuni zilizokauka vizuri, loweka maharage usiku ili yaive haraka. Mkaa nao usikudanganye kwa kuwa hautoi moshi mwingi. Hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua. Usilale na jiko la mkaa ndani, hata kukiwa na baridi.

Mtoto akikohoa, mhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi. Ukifikia idadi hiyo, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Usisubiri dawa ya kikohozi ya dukani ifanye kazi.