Mafuta ya Nyangumi na Karanga za Kongwa

Mama yangu huuza chapati Nakivubo, na kila alfajiri mimi ndiye humchotea mafuta magumu kwenye ndoo. Muhula uliopita, nikisoma historia ya Tanganyika, niligundua kwamba mafuta kama haya, meupe yasiyo na harufu, yaliwahi kutengenezwa kwa nyangumi.

Mafuta ya nyangumi si ya aina moja. Ya yule mwenye meno na kichwa kikubwa ni nta ya majimaji: si chakula, lakini yaliwaka vizuri katika taa na kulainisha mashine. Hayo ndiyo waliyoyawinda Wamarekani ambao meli zao zilitia nanga Unguja karne ya 19, kabla mafuta ya taa hayajateka soko. Ya nyangumi wasio na meno ni mafuta hasa, kama ya karanga, ila yananuka shombo. Mwaka 1902 mkemia Mjerumani Wilhelm Normann alisajili njia ya kugandisha mafuta kwa haidrojeni. Baadaye shombo likatoweka, na Wazungu wakampaka nyangumi kwenye mkate bila kumtambua.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilipungukiwa mno na mafuta ya kula. Meli zake zilirudi Antaktika kuwinda nyangumi, na mwaka 1947 Wizara ya Chakula ya huko ikaanza kufyeka pori la Kongwa, nchi ya Wagogo, ili ilime karanga. Mpango mzima ulilenga ekari zaidi ya milioni 3. Hata vifaru vya vita viligeuzwa matrekta! Lakini mvua za Ugogo si za kutegemea, na udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji. Karanga zikanasa humo. Mwaka 1951 mradi ulifutwa kwa hasara ya takriban pauni milioni 36.

Darasani tuliuita "mradi wa maendeleo ulioshindwa". Mimi napinga jina hilo. Uhaba uliokuwa ukitibiwa ulikuwa wa jikoni London, na Kongwa iliwekwa katika hesabu moja na bahari ya Antaktika: mahali pa kuchota mafuta.

Nilipomsimulia mama, hakujali nyangumi. Aliuliza kama Wagogo walirudishiwa ardhi yao. Nikamjibu kwamba sehemu yake iligeuzwa ranchi ya ng'ombe, nayo ipo hadi leo.