Titans hawakuhitaji dakika ya mwisho

Kama umetazama Remember the Titans, ile muvi ya Denzel Washington ya 2000, najua fainali ilikushikilia roho. Timu iko nyuma, saa inaisha, halafu kijana mmoja anachomoka na mpira hadi mwisho wa uwanja. Sasa soma matokeo yenyewe. Fainali ya jimbo la Virginia, 1971: T.C. Williams 27, Andrew Lewis 0. Sifuri, wasee!

Hii ni futiboli ya Wamarekani, ile ya helmeti. Msimu ule vijana wa T.C. Williams walicheza mechi 13 na wakashinda zote. Iliyowatoa jasho kweli ilikuwa ya Marshall, 21 kwa 16, na hiyo ilichezwa katikati ya msimu. Muvi iliichukua presha yake ikaihamishia fainali.

Walikuwa wakali hivyo kwa nini? Ukiuliza muvi, ni kambi, nyimbo na kocha Herman Boone kuwakalia ngumu. Sikatai. Lakini mwaka huo mji wa Alexandria uliunganisha shule zake tatu za upili, na wanafunzi wote wa miaka miwili ya mwisho wakapelekwa T.C. Williams. Yaani mastaa wa shule tatu ndani ya jezi moja. Nani angewasimamisha?

Hayo ya uwanjani naweza kusamehe. Kinachoniuma ni muvi kutuaminisha kwamba weusi na weupe walikutana hapo mara ya kwanza 1971. Shule zote tatu zilikuwa zimeshachanganyika tangu katikati ya miaka ya 60. Vita vyenyewe vilipiganwa kabla, mahakamani, na waliovipigana hawakuwa makocha.

Mmoja wao ni Blois Hundley, mama mweusi aliyekuwa mpishi wa shule. 1958 alijiunga na kesi ya kudai watoto wake wasome shule za weupe. Mkuu wa elimu wa mji akamfuta kazi. Jina la huyo bosi? Thomas Chambliss Williams. Ndiyo, T.C. Williams mwenyewe.

Kwa hiyo mechi zote 13, vijana weusi walicheza chini ya jina la mtu ambaye hakutaka waketi darasa moja na wenzao. Muvi haigusi hilo hata kidogo. Jina lilitolewa 2021, na sasa shule inaitwa Alexandria City High School. Timu bado ni Titans.