Mchoro wa Birr

Mwezi Oktoba 1773, Charles Messier akiwa Paris, akifuatilia nyota yenye mkia, aliona waa hafifu la mwanga karibu na mkia wa kundinyota la Dubu Mkubwa. Akaliandika katika orodha yake kwa namba 51 ili wenzake wasije wakadanganyika nalo, kisha akaendelea na kazi yake. Kwa zaidi ya miaka 70 hakuna aliyetambua umbo lake.

Aliyelitambua ni William Parsons, Lord Rosse wa Birr, Ayalandi. Alitaka darubini kubwa kuliko zote, na hapakuwa na kiwanda cha kumtengenezea, hivyo akajenga tanuri katika uwanja wa ngome yake na kuwafundisha kazi watu wa hapohapo. Kioo kilisubuliwa kwa shaba na bati, upana wake mita 1.8, uzito wake kama tani 3. Madini hayo hung'aa vizuri lakini hupasuka upesi, na unyevu huyafifisha. Ndiyo maana vilihitajika vioo viwili: kimoja kikiwa kazini, kingine kinasuguliwa upya. Bomba la darubini, lenye urefu wa zaidi ya mita 16, lilining'inizwa kati ya kuta mbili za mawe. Liliweza kupanda na kushuka, ila kwenda kando kidogo tu, kwa hiyo kila nyota ilifuatwa kwa muda mfupi kabla haijapotelea nyuma ya ukuta. Tena Birr ni nchi ya mawingu.

Aprili 1845, katika nafasi hizo finyu, Rosse aliona kwamba waa lile lina mikono iliyojipinda kama gamba la konokono. Kamera za wakati huo zisingeweza kunasa mwanga hafifu kiasi hicho, basi akachora kwa mkono. Picha zilizopigwa miongo kadhaa baadaye zilithibitisha mchoro wake, nami nauhesabu miongoni mwa kazi kubwa kabisa za jicho la binadamu.

Mwaka uleule ugonjwa uliharibu viazi vya Ayalandi, njaa ikaingia, na Rosse akaiacha darubini ashughulikie wenye shida. Maana ya mikono ile ilisubiri miaka ya 1920, Edwin Hubble alipoonyesha kuwa mawaa ya namna hiyo ni galaksi zilizo mbali sana nje ya yetu.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuitafuta galaksi hiyo ya namba 51 upande wa kaskazini, usiku wa Mei usio na mbalamwezi, mbali na taa za mji. Darubini ndogo itamwonyesha mawaa mawili yaliyokaribiana. Mikono yenyewe inahitaji kioo kikubwa zaidi.