Kompyuta ya Asiye na Kompyuta

Wasee, kubeba kompyuta nzima kwa flashi si mambo ya jana. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, Linux inayowaka kutoka kwa CD bila kugusa diski ya mashine. Flashi za kwanza kuuzwa, mwaka huo huo, zilibeba MB 8. Selfie mbili tu, zimejaa!

Mimi napenda Puppy Linux ya Barry Kauler wa Australia, 2003. Hiyo inajipakia yote kwenye RAM, kwa hivyo hata mashine mzee ya saiba inakimbia. Ukizima, kazi yako inaandikwa kwa flashi. Unachomoa, unaenda nayo. CV yako haibaki kwa desktopu ya watu, na bana, nimeona CV nyingi huko, namba ya kitambulisho na kila kitu.

LibreOffice ilipofika 2010, ofisi nzima ikaingia humo bure. Microsoft nao walijaribu na Windows To Go, lakini ya makampuni, si ya mimi na wewe. 2020 wakaitoa.

Historia tunayosimuliwa ni ya wauza mashine. Hii ni ya sisi tunaolipia dakika. Muulize tu mwenye saiba kwanza, wengine wamefunga BIOS kwa nywila.