Takwimu za tovuti: Hiti 10,000 kwa mwezi, mbona simu haiiti?

Chukulia mwenye gesti maeneo ya Kunduchi Mtongani ametengenezewa tovuti. Mwezi unaisha, fundi anamtumia ripoti WhatsApp: “Bosi, tumepata hiti 10,000!” Kisha anaomba hela ya kubadilisha tovuti yote iwe ya kisasa zaidi. Bosi anajikuna kichwa, maana waliopiga simu kuulizia chumba ni watatu tu.

Je, fundi ni tapeli? Si lazima. Namba inaweza kuwa ya kweli kabisa, ila haihesabu kile ambacho bosi anadhani inahesabu. Kabla ya kutoa hela, haya ndiyo ya kuelewa.

Hiti si watu

Ukienda ufukweni Kunduchi asubuhi samaki wanaposhushwa, utaona nyayo nyingi mchangani. Ukizihesabu hutapata idadi ya wateja, maana mtu mmoja anayetoka kwenye mashua hadi bandani anaacha nyayo kibao. Hiti ni hivyo hivyo. Kila faili ambalo simu inaliomba kwenye seva ni hiti moja: ukurasa wenyewe, kila picha, nembo, hata aina ya maandishi.

Tuseme ukurasa wa gesti una mafaili 25. Hiti 10,000 gawanya kwa 25, unapata kurasa 400 zilizofunguliwa. Kama kila aliyeingia alifungua kurasa mbili, hizo ni ziara 200. Na kama kila mtu aliingia mara mbili, watu ni 100.

Ghafla hesabu inabadilika. Simu tatu kutoka kwa watu 100 si mbaya hata kidogo. Tovuti inafanya kazi yake. Tatizo ni kwamba wanaofika ni wachache. Kwa hiyo hela ya kubomoa na kujenga upya ingepotea bure. Bora itumike kuwafanya watu waijue gesti.

Maneno manne ya kushika

*Kurasa zilizofunguliwa:* mtu mmoja akifungua kurasa tano, zinahesabiwa tano.

*Ziara:* ni kuingia na kuzunguka kwa mara moja. Kwenye Google Analytics, ziara hufungwa kama mtu amekaa dakika 30 bila kufanya chochote. Akirudi baadaye, inaanza ziara mpya.

*Watumiaji:* hapa mara nyingi kinachohesabiwa ni kivinjari, si binadamu. Mtu akifungua linki ndani ya Facebook, kisha jioni akaifungua kwa Chrome, anaweza kuhesabiwa kuwa wawili. Watu wawili wanaotumia simu moja wanaweza kuonekana mmoja.

*Ziara zenye maana:* toleo la sasa la Google Analytics, lililochukua nafasi ya lile la zamani Julai 2023, linahesabu hivi ziara iliyozidi sekunde 10, au iliyofungua kurasa mbili na zaidi, au iliyofanya jambo ambalo mwenye tovuti amelitaja kuwa muhimu, mfano kubonyeza namba ya simu. Kwa gesti, hilo la mwisho ndilo la kuangalia kuliko yote.

Wametoka wapi?

Sehemu hii inadanganya wengi. Ukituma linki kwenye magrupu ya WhatsApp, wengi watakaoibonyeza watawekwa kwenye kundi la “Direct”, kana kwamba waliandika anwani wenyewe. Ili ujue ukweli, fundi aongeze alama maalumu mwishoni mwa linki unayotuma WhatsApp, na nyingine kwa ile ya Instagram.

Mji nao ni wa kukadiria. Mtu wa mkoani anayetumia bando la simu anaweza kuonekana yuko Dar es Salaam, kutegemea mtandao wake unatokea wapi. Na hata akiwa Dar kweli, mkoa huo ulikuwa na watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022. Haikuambii kama yuko Kunduchi au Mbagala.

Halafu kuna VPN. Mtandao wa X ulipozuiwa nchini Mei 2025, waliotaka kuendelea kuutumia walihitaji VPN. Mtu asipoizima akaingia kwenye tovuti yako, ataonekana yuko Uholanzi au Marekani. Usikimbilie kusema umepata wazungu.

Grafu imeanguka, nini kimetokea?

Usianze kwa kumlaumu fundi. Angalia kalenda kwanza. Mei 12, 2024, hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilivuruga intaneti Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo tovuti ya hapa nyumbani ikikosa watu, kosa si la tovuti.

Angalia na saa pia. Kama akaunti imeachwa kwenye saa za Los Angeles, siku yake inaanza saa 4 au saa 5 asubuhi ya huku. Wateja wa Jumamosi alfajiri wataandikwa Ijumaa.

Ishara za namba za kupikwa

Kuna wanaouza watembeleaji, na wengi wao ni roboti. Shtuka ukiona maelfu wameingia usiku mmoja kutoka nchi ambayo huna mteja, wote wamekaa sekunde moja, na hakuna aliyebonyeza namba ya simu. Shtuka pia mtu akikusifia nafasi yako ya Alexa: huduma hiyo ya kupanga tovuti ilifungwa Mei 1, 2022.

Muulize fundi haya

Kwanza, hizi ni hiti, ziara au watu? Pili, wangapi walibonyeza namba ya simu au WhatsApp? Tatu, mwezi uliopita ilikuwa ngapi? Namba moja peke yake haisemi kitu hadi uilinganishe na nyingine.

Nne, akaunti ni ya nani? Iwe kwa barua pepe yako, fundi apewe ruhusa ya kuingia. Picha ya skrini si ripoti, na siku mkikosana usibaki mikono mitupu.

Kumbuka pia kwamba taarifa za wanaoingia si mali ya kuchezea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 1, 2023, kwa hiyo waambie wageni wako unakusanya nini na kwa nini.

Na dawa rahisi kuliko zote haihitaji kompyuta: kila anayepiga simu, muulize, “Umetujulia wapi?” Andika kwenye daftari. Mwisho wa mwezi, weka daftari na ripoti ya fundi pamoja, uone kama vinasema kitu kimoja.