Paswedi Yake Ilikuwa Ngumu Kama Jiwe, Kumbe Mlango wa Uani Uko Wazi

Leo hakuna umbea wa msanii wala nani kaachana na nani. Leo nina stori ya sista mmoja wa Kihonda ambaye kibarua chake kiliota nyasi kwa sababu ya paswedi. Na siyo paswedi yake. Ya watu wengine kabisa.

Jina simtaji. Kaniruhusu niandike, ila mjini hapa tunajuana, kwa hiyo tumuite tu Dada. Alikuwa anatunza hesabu za stoo kwa wafanyabiashara fulani wanaonunua viungo kutoka Uluguru: pilipili manga, mdalasini, iliki, karafuu, vile vinavyoshuka kutoka kule Kinole na Matombo. Mzigo ukiingia anaandika kwenye kompyuta, mzigo ukitoka anaandika.

Siku moja bosi anahesabu magunia, hayalingani na faili. Magunia sita ya pilipili manga hayapo stoo, na kwenye faili yamefutwa kama vile hayajawahi kuingia. Wewe mwenyewe unajua bei ya pilipili manga. Dada kaitwa ofisini, swali ni moja tu: "Kompyuta ni yako, paswedi unaijua wewe peke yako, nani mwingine kabadilisha?"

Akakosa jibu. Paswedi yake ilikuwa na herufi 14, ina namba, ina alama ya mshangao, hajawahi kumwambia mtu, hata mchumba wake. Yaani ugumu wa paswedi ndiyo ukawa ushahidi dhidi yake. Hapo sasa!

Ili uelewe kilichotokea inabidi turudi nyuma kidogo. Nyuma sana. Tuanzie hapa hapa Moro.

Mji uliokuwa na malango manne

Mwaka 1871 yule mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipita hapa akienda kumtafuta Dk. Livingstone. Chini ya milima ya Uluguru alikuta mji unaitwa Simbamwene, ulioanzishwa na mbabe mmoja anaitwa Kisabengo. Alipofika, mtawala alikuwa binti wa Kisabengo. Mwanamke, wadau! Stanley aliandika kwamba mji ule ulizungushiwa ukuta wa mawe wenye minara kwenye kona, na malango manne yenye milango ya mbao ngumu iliyochongwa.

Sasa fikiria maisha ya mle ndani. Kuna sheria ya lango, ambayo ni ya mtawala: nani aingie, saa ngapi lango lifungwe. Halafu kuna mlango wa nyumba yako, komeo lako mwenyewe. Mlinzi wa lango hata awe mkali vipi, kama nyumba yako umeiegesha kwa kijiti, umeibiwa. Na wewe hata uwe na komeo la chuma, kama kuna mtu ana ufunguo wa akiba wa nyumba zote, umeibiwa vilevile.

Stanley alipopita tena akirudi mwaka 1872 alikuta mafuriko yameusomba ukuta wa mbele na nyumba nyingi. Kwa hiyo hata ukuta nao si wa kuutegemea peke yake. Shika hilo la lango na nyumba, tutalirudia.

Paswedi ya kompyuta ilizaliwa kwa sababu ya kugombania mashine

Turuke hadi Marekani, mwaka 1961. Chuo cha MIT kina kompyuta kubwa, moja, na watumiaji ni wengi. Mtaalamu anaitwa Fernando Corbató na wenzake wakatengeneza mfumo wa CTSS uliowawezesha watu wengi kutumia mashine ile ile kwa zamu za haraka haraka. Tatizo likaja: mafaili ya kila mtu yatatenganishwaje? Wakampa kila mtu paswedi yake. Ndiyo hiyo tunayolalamika nayo mpaka leo, wasomi wanaiita nywila.

Haikuchukua muda ikavunjwa. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa pale alikuwa anapewa saa nne tu kwa wiki na zilikuwa hazimtoshi. Akafanyaje? Hakubahatisha paswedi ya mtu. Aliiomba mashine imchapishie faili lenye paswedi za watu wote, ikamchapishia! Jamaa akakaa kimya, akaja kukiri baada ya miaka mingi.

Umeona hapo? Tangu mwaka wa kwanza kabisa, aliyeibiwa hakukosea kitu. Paswedi yake ilikuwa salama kichwani mwake. Tatizo lilikuwa upande wa wenye mashine.

Ofisi zikapata lango lao

Baadaye kompyuta zikawa ndogo, kila meza ina yake. Kila kompyuta ikawa na akaunti zake zenyewe, zimehifadhiwa humo humo ndani. Hizi ndizo akaunti za ndani. Ukiwa na kompyuta 30, fundi anazunguka meza 30 kutengeneza akaunti. Mtu akiacha kazi, anazunguka tena kufuta. Noma.

Ndiyo Microsoft, kwenye Windows NT ya mwaka 1993, wakaja na kitu kinaitwa domeni. Mwaka 2000, ndani ya Windows 2000, wakaiboresha wakaiita Active Directory. Wazo lake ni kama lile lango la Simbamwene: kuna seva moja kubwa inayotunza majina na paswedi za wafanyakazi wote. Ukiandika paswedi yako kwenye kompyuta yoyote ya ofisi, kompyuta inaiuliza seva, "Huyu tunamjua?" Seva ikikubali, unaingia. Hiyo ndiyo akaunti ya domeni.

Sasa sikiliza hapa, maana hata mafundi wengi wanateleza. Kompyuta ikijiunga na domeni, zile akaunti zake za ndani HAZIFUTIKI. Zinabaki humo humo, kimya. Lango limejengwa, lakini milango ya nyumba bado ipo.

Na sheria za paswedi, yaani urefu, ugumu, baada ya siku ngapi ibadilishwe, zinategemea zimebandikwa wapi:

Zikibandikwa juu kabisa, kwenye domeni nzima, zinashika akaunti zote za domeni. Kompyuta zilizojiunga nazo zinazipokea na kuzitumia kwa akaunti zao za ndani.

Zikibandikwa chini, tuseme kwenye kitengo cha uhasibu tu, zinashika akaunti za ndani za kompyuta za kitengo hicho. Wahasibu wenyewe, kwa akaunti zao za domeni, haziwagusi! Kwa sababu akaunti zao hazikai kwenye kompyuta zao, zinakaa kwenye seva. Fundi anakenua anadhani kawabana wahasibu, kumbe hajabana mtu.

Ilibidi ifike 2008, kwenye Windows Server 2008, ndipo ikawezekana kundi fulani la wafanyakazi wa domeni liwe na sheria zake tofauti na wengine. Na hizo nazo hazishuki kwenye akaunti za ndani.

Halafu kuna hili. Sheria ya urefu na ugumu inaangalia paswedi pale INAPOBADILISHWA. Haiendi kukagua ya zamani. Na ile ya muda wa kuisha inarukwa kabisa na akaunti iliyowekewa alama kwamba paswedi yake haiishi muda. Kwa hiyo paswedi dhaifu iliyowekwa kabla ya sheria inaweza kuishi miaka na miaka kama mzee wa mtaa asiyelipa kodi.

Na nani alituletea "weka herufi kubwa, namba na alama"?

Hili nalo lina historia. Mwaka 2003 mtaalamu wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, anaitwa Bill Burr, aliandika mwongozo ulioshauri paswedi zichanganywe herufi kubwa, ndogo, namba na alama, na zibadilishwe kila baada ya muda. Dunia nzima ikanakili. Hata ofisi za Moro zisizojua NIST ni nini zikajikuta zinaufuata.

Matokeo unayajua. Mtu akilazimishwa kubadilisha, anaweka Juma2021! halafu Juma2022! halafu Juma2023! Wengine wanaandika kwenye kikaratasi wanabandika chini ya kibodi. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, Burr alikiri kwenye gazeti kwamba anajutia sehemu kubwa ya ushauri ule. Mwaka huo huo NIST wakatoa mwongozo mpya: acheni kuwalazimisha watu alama na kubadilisha badilisha bila sababu, paswedi ndefu ndiyo mpango mzima. Mwaka 2019 Microsoft nao wakaondoa sharti la kubadilisha kila baada ya muda kwenye mapendekezo yao ya usalama.

Miaka zaidi ya kumi tumembana mtumiaji wa kawaida. Tumemfokea, tumemfungia akaunti akikosea mara tatu. Na akaunti ya fundi je? Nani alikuwa anamfokea fundi?

Turudi kwa Dada

Wiki tatu baada ya Dada kusimamishwa, kijana mmoja anayejua mambo haya aliombwa aangalie ile kompyuta. Akaanza na seva. Siku faili lilipobadilishwa, seva haikuonyesha kitu chochote cha ajabu. Bosi akasema, "Si nilisema!"

Kijana akasema subiri. Mtu akiingia kwa akaunti ya ndani, seva haiulizwi, kwa hiyo haina cha kuandika. Kumbukumbu inabaki kwenye kompyuta yenyewe. Akafungua kumbukumbu za kompyuta ya Dada. Ikaonekana: siku ile saa moja usiku kuna mtu kaingia kwa akaunti ya ndani ya msimamizi. Akaunti hiyo ilitengenezwa siku kompyuta zilipoletwa, kabla ya domeni, paswedi yake haiishi muda, na ni ile ile kwenye kompyuta ZOTE za ofisi. Wanaoijua? Fundi wa kwanza, fundi wa pili, walioacha kazi, na nusu ya ofisi. Na msimamizi wa mashine anaweza kufungua mafaili ya mtu yeyote humo ndani bila kuijua paswedi yake.

Siku ile saa moja usiku Dada alikuwa Kinole, kwenye msiba wa bibi yake. Watu kibao walimuona.

Akasafishwa jina, ndiyo. Lakini kazini hakurudi. Nafasi ilishachukuliwa, na ananiambia hata wangemrudisha asingeweza kukaa na watu waliomuita mwizi. Aliyefuta magunia hajajulikana mpaka leo, maana akaunti ya watu wote haina mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inasema kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa. Sasa utamshtaki nani, "Msimamizi"?

Kinachoniuma mimi, niliyeishia kidato cha nne na kujifunza haya kwa kusoma soma, ni kwamba dawa ilishakuwepo. Tangu 2015 Microsoft wanatoa bure zana inaitwa LAPS, inayoipa kila kompyuta paswedi yake tofauti ya msimamizi na kuibadilisha yenyewe. Bure, wadau!

Kwa hiyo wewe unayesoma hii ukiwa kazini, kesho muulize mtu wa kompyuta maswali mawili: akaunti ya msimamizi ya mashine yangu anaijua nani, na ni sawa na ya mashine nyingine? Akianza kucheka cheka, jua unakaa kwenye nyumba ambayo ufunguo wake uko mtaani. Na siku kikinuka, watauliza paswedi yako wewe.

Wewe ofisini kwenu ikoje? Umewahi kusingiziwa kitu kwenye kompyuta? Shusha komenti hapo chini, ila majina ya watu na ya ofisi tusitaje. Tukutane stori ijayo.